Diski ya 16x na Mwendo Wake wa Kweli

Diski tupu za CD na DVD huuzwa zikiwa zimepigwa chapa ya namba yenye herufi x: 52x kwa CD nyingi, 16x kwa DVD nyingi. Mnunuzi huichukua namba hiyo kuwa ahadi. Mpiga picha za harusi anayetakiwa kutoa nakala 40 za DVD kabla ya jua kuchwa hukaa akapiga hesabu yake. Mwendo wa 1x wa DVD ni kuandika baiti 1,385,000 kwa sekunde. Kwa hiyo 16x ni baiti milioni 22 na kidogo kwa sekunde, na diski yenye nafasi ya gigabaiti 4.7 itajaa kwa sekunde 212, yaani dakika tatu na nusu. Anaiweka diski ya kwanza, nayo inachukua karibu dakika sita. Ya pili vivyo hivyo. Ifikapo ya kumi amekwisha kuamini kwamba ameuziwa bidhaa bandia, na yu tayari kurudi dukani kugomba.

Diski bandia zipo, na habari zake zitaelezwa hapa chini. Lakini mara nyingi mwenye duka hana kosa, mtambo hauna hitilafu, na hata namba iliyopigwa chapa si uongo. Kasoro ni ya namna namba hiyo inavyosomwa. Haitaji mwendo wa safari nzima. Hutaja mwendo wa juu kabisa, ambao diski huufikia mahali pamoja tu, ukingoni. Sababu yake imo katika umbo la diski, na mwanafunzi yeyote aliyekwisha kujifunza mzingo wa duara aweza kuithibitisha kwa kalamu na karatasi.

Santuri na diski

Yafaa kuanza na santuri ya zamani, kwa kuwa tofauti yake na diski hufundisha mengi. Santuri kubwa huzungushwa mara 33 na theluthi kwa dakika, tangu mwanzo hadi mwisho, bila kubadilika. Sindano huanzia ukingoni ikaelekea katikati. Mfuo ulio ukingoni hupita chini ya sindano kwa mwendo wa karibu nusu meta kwa sekunde. Ule ulio karibu na kibandiko cha katikati hupita kwa chini ya nusu ya mwendo huo. Sauti ile ile ya sekunde moja hulazimika kubanwa katika nafasi ndogo zaidi, na hiyo ni mojawapo ya sababu zinazofanya nyimbo za mwisho za upande wa santuri zisikike kwa ufifi zaidi kuliko za kwanza.

Waliobuni CD, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1982, waliikataa hasara hiyo. Katika CD, na baadaye katika DVD, alama huandikwa kwa msongamano ule ule kila mahali: meta moja ya mfuo karibu na kitovu hubeba data sawasawa na meta moja ya ukingoni. Mfuo wenyewe ni mmoja tu, huanzia ndani na kuzunguka kwenda nje kama kamba iliyoviringishwa sakafuni. Katika DVD mizunguko yake imeachana kwa mikrometa 0.74, na kuna mizunguko kama 46,000 kati ya nusu kipenyo cha milimeta 24, data inapoanzia, na milimeta 58, inapoishia. Mfuo huo ukinyoshwa hufika urefu wa kilometa 11.8, ambao mtu aendaye kwa miguu angeutembea kwa zaidi ya saa mbili.

Matokeo ya mpango huo ni haya. Ili sauti ya CD itoke bila kukimbia wala kuzorota, mfuo hauna budi kupita chini ya leza kwa mwendo mmoja, meta 1.2 hadi 1.4 kwa sekunde. Mzunguko wa ndani ni mfupi na wa nje ni mrefu. Basi mota hulazimika kuizungusha diski takribani mara 500 kwa dakika inapoanza, na kuipunguza pole pole hadi takribani mara 200 inapomaliza. Katika mwendo wa 1x jambo hili ni jepesi, na mota ndogo hulifanya bila taabu. Taabu huanza pale mtu anapotaka kwenda mara 16.

Kwa nini mota isizungushwe zaidi

Mwendo wa mfuo wa DVD katika 1x ni meta 3.49 kwa sekunde. Kwa 16x ni meta 55.8 kwa sekunde, yaani kilometa 201 kwa saa. Ukingoni, penye nusu kipenyo cha milimeta 58, mzingo ni milimeta 364. Gawanya mwendo kwa mzingo: diski inatakiwa kuzunguka mara 153 kwa sekunde, au karibu mara 9,200 kwa dakika. Mwanzoni mwa data, penye nusu kipenyo cha milimeta 24, mzingo ni milimeta 151 tu. Ili kupata mwendo ule ule wa 16x mahali hapo, diski ingetakiwa kuzunguka mara 22,200 kwa dakika.

Plastiki haipendi mizunguko ya namna hiyo. Kani inayohitajika kuishikilia sehemu ya diski isiruke nje huongezeka kwa mraba wa idadi ya mizunguko. Katika mizunguko 9,200 kwa dakika, gramu moja ya plastiki iliyo ukingoni kabisa huvutwa kama vile inabeba uzito wa kilo 5.7. Katika mizunguko 22,200, kilo 5.7 hizo huwa 33. Mkazo mkubwa kuliko wote hukusanyika pembeni mwa tundu la katikati, mahali ambapo diski zilizotumika sana huwa na nyufa ndogo zisizoonekana upesi. Imepata kutokea, katika mitambo ya CD ya 52x, diski yenye ufa ikapasuka vipande vipande ndani ya mtambo. Na 52x ukingoni ni mizunguko kama 10,000 tu kwa dakika.

Na hata pasipo kupasuka, kuna mtikisiko. Hakuna diski iliyosawazishwa kikamilifu. Upande mmoja ukizidi mwingine kwa uzito, diski huyumba, na yumbo hilo nalo hukua kwa mraba wa mizunguko. Lenzi ya leza inatakiwa kuufuata mfuo usiofika mikrometa moja kwa upana, huku diski ikipanda na kushuka chini yake. Mtambo ukihisi mtikisiko umezidi, hupunguza mwendo wenyewe. Wale wanaobandika karatasi ya jina juu ya diski ikakaa upande huyatafuta haya kwa mikono yao.

Kwa hiyo watengenezaji wa mitambo ya kasi walirudi kwenye njia ya santuri: waliweka kikomo cha mizunguko, wakaiacha mota izunguke kwa kiasi hicho tangu mwanzo hadi mwisho. Msongamano wa alama haukubadilishwa. Basi kinachobadilika ni mwendo wa kuandika, nao hufuata nusu kipenyo sawia.

Hesabu ya diski moja

Mtambo wa namna hii ukizunguka mara 9,200 kwa dakika, huandika 16x penye milimeta 58. Penye milimeta 24 huandika 16 mara 24 gawanya kwa 58, yaani 6.6x. Penye milimeta 40 hufika 11x. Penye milimeta 50 hufika 13.8x. Namba 16 haionekani mpaka pale data inapokaribia kwisha.

Muda wa kazi nzima hupatikana kwa njia fupi. Mizunguko ni 46,000, na kila sekunde hupita 153. Jibu ni sekunde 300, dakika tano kamili. Gawanya baiti milioni 4,700 kwa sekunde 300, kisha kwa 1,385,000, upate mwendo wa wastani: 11.3x. Mwanafunzi atatambua kwamba ni sawa na kuchukua wastani wa nusu kipenyo cha ndani na cha nje, milimeta 41, na kuulinganisha na 58. Kwa CD ya 52x, ambayo data yake huanzia milimeta 25, hesabu hiyo hiyo hutoa 22.4x mwanzoni na wastani wa 37.2x.

Dakika tano si tatu na nusu. Ongeza muda wa mtambo kuitambua diski, kuandika eneo la utangulizi na kufunga diski mwishoni, na dakika karibu sita za mpiga picha zimepatikana, bila mtu yeyote kudanganywa.

Jambo moja huwapita hata wazoefu. Data haikugawanyika sawa juu ya nusu kipenyo, kwa sababu eneo la duara hukua kwa mraba. Nusu ya data ya DVD, gigabaiti 2.35, humalizika penye milimeta 44.4, na kufika hapo huchukua dakika tatu kati ya tano. Mwalimu anayeandika gigabaiti moja tu ya mitihani na picha za maabara huishia penye milimeta 34. Mwendo wa juu atakaoupata ni 9.4x. Angenunua diski ya 16x kila siku maisha yake yote, na kwa kazi ya gigabaiti moja asingeiona 16x hata siku moja. (Kompyuta nyingi zitamwambia pia kwamba diski yake ina gigabaiti 4.38, si 4.7. Hapo napo hakuna wizi: kiwanda huhesabu gigabaiti kuwa baiti 1,000,000,000, na kompyuta huihesabu kuwa 1,073,741,824.)

Ipo mitambo inayochanganya njia. Mingine huenda kwa mwendo mmoja mpaka mahali fulani, ndipo ikaongeza. Mingine huigawa diski katika kanda, tuseme 6x, kisha 8x, kisha 12x, na katika kila mpaka husimama kuandika kwa kitambo, hubadili mzunguko, halafu huendelea kutoka pale pale ilipoishia.

Rangi na leza

Sehemu ya pili ya habari hii ni ya kemia. Diski inayotoka kiwandani ikiwa na filamu au nyimbo ina vishimo vilivyogongwa kwa mhuri. Diski ya kuandikia haina. Ina tabaka jembamba la rangi ya kemikali, na nyuma ya rangi hiyo kuna tabaka la metali linalorudisha mwanga kama kioo. Leza ya mtambo, yenye mwanga mwekundu wa nanometa 650 kwa DVD, huiunguza rangi kwa nukta, na nukta iliyoungua hurudisha mwanga kidogo kuliko iliyoachwa. Watu wa mitaani husema “kuchoma diski”, na kwa mara moja lugha ya mitaani imesema sawasawa na fizikia.

Kuchoma kunahitaji joto, na joto linahitaji muda. Alama fupi kuliko zote katika DVD ina urefu wa mikrometa 0.4. Katika 1x hupita chini ya leza kwa nanosekunde 115. Katika 16x kwa nanosekunde 7. Muda ukipungua, nguvu ya leza lazima iongezwe. Haiongezwi mara 16, kwa kuwa joto halipati nafasi ya kusambaa na kupotea. Kwa makadirio, huongezwa kwa kipeuo cha pili cha mwendo, yaani kama mara nne. Lakini joto hilo halikai mahali lilipopigwa. Hutambaa mbele na kuipasha moto nafasi ya alama inayofuata, na alama ikirefuka kuliko ilivyokusudiwa, msomaji wa kesho atasoma data nyingine. Kwa sababu hiyo leza haipigi kwa mfululizo, bali kwa midundo iliyopimwa, na kila aina ya rangi ina mpango wake wa midundo.

Mtambo hujuaje rangi iliyo mbele yake? Mfuo wa diski tupu haukunyooka. Kiwandani ulifanywa uyumbe kidogo kulia na kushoto, na katika alama zilizotiwa kwenye mfuo huo mna maandishi yasomwayo na mtambo: jina la fumbo la mtengenezaji, aina ya diski, na miendo iliyokubaliwa. Mtambo huyalinganisha maandishi hayo na orodha iliyomo katika programu yake ya ndani. Ukiikuta diski hiyo katika orodha, hutumia mpango uliotayarishwa kwa ajili yake. Usipoikuta, huchukua mpango wa jumla na kwenda pole, mara nyingi 4x au 8x. Hapo diski njema ya 16x, iliyotengenezwa baada ya mtambo kuuzwa, huadhibiwa kwa ugeni wake tu. Dawa yake ni kuupa mtambo programu mpya kutoka kwa aliyeutengeneza, ikiwa bado anaitoa.

Hapa ndipo bandia hujificha. Chapa ya nje ni wino. Mtu yeyote aweza kuipiga. Zimepata kuonekana diski zilizoandikwa 16x huku mfuo wake ukisema 8x, na mbaya zaidi, diski duni zilizotiwa jina la fumbo la kiwanda chenye sifa. Za aina ya kwanza hucheleweshwa tu. Za aina ya pili huuhadaa mtambo wenyewe: unapiga midundo ya rangi isiyokuwapo, unamaliza kwa wakati, na picha za harusi zinakuja kukosekana baada ya miezi michache. Kwa hiyo diski inayoandikwa kwa kasi kamili si lazima iwe njema kuliko inayochelewa.

Kabla ya kuanza, mtambo huandika pia alama za majaribio katika eneo dogo karibu na kitovu, kwa nguvu mbalimbali, huzisoma, ndipo huchagua nguvu ifaayo. Baadhi ya mitambo huendelea kujikagua njiani, na ikiona alama zimeanza kuharibika kuelekea ukingoni, ambako rangi huenda haikutandazwa vizuri, hushusha mwendo. Mtazamaji huona 12x ikigeuka 8x ghafla na kukasirika. Angestahili kushukuru.

Wengine huchukua haya yote kuwa sababu ya kuandika kwa mwendo mdogo kabisa. Huo si ushauri mzuri. Rangi ya diski ya 16x imetengenezwa ipokee midundo mifupi yenye nguvu; ikichomwa kwa upole wa 1x au 2x, kingo za alama zaweza kuwa butu, na mitambo mingi haikubali kabisa miendo hiyo kwa diski hizo. Mwendo wa kati, kama 8x, kisha kuisoma diski yote na kuilinganisha na data ya asili, ni njia inayofaa kwa kumbukumbu za shule na za familia. Ukaguzi huo huongeza dakika nyingine kadhaa. Ni bei ndogo.

Data isipofika kwa wakati

Sababu ya mwisho haimo katika diski wala katika leza. Katika 16x mtambo hula megabaiti 22 kila sekunde, na kompyuta lazima izilete. Mtambo una kumbukumbu ya akiba, mara nyingi ya megabaiti 2. Bila kujazwa, akiba hiyo humalizika kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Njia ya kwanza ya USB ilipitisha biti milioni 12 kwa sekunde, ambazo hata zikitumika zote ni megabaiti 1.5, zaidi kidogo ya 1x ya DVD. Mafaili madogo madogo maelfu, yaliyotawanyika katika diski kuu ya kompyuta iliyochoka, huleta upungufu huo huo hata pale waya ni mzuri.

Zamani akiba ilipokwisha, leza ilikata, na diski ikawa ya kuwekea vikombe vya chai. Tangu karibu mwaka 2000 mitambo imewekewa kinga: huacha kuandika, hukumbuka mahali ilipoachia, hungoja data, kisha hurudi na kuunganisha. Diski huokoka, lakini kila kungoja ni muda, na wastani wa mwendo huporomoka.

Zoezi la darasani

Darasa lenye kompyuta moja, mtambo wa DVD na diski mbili za 16x za watengenezaji tofauti laweza kuyapima haya. Tayarisha faili moja kubwa ya karibu gigabaiti 4. Programu nyingi za kuandikia huonyesha mwendo kadiri kazi inavyoendelea. Mwanafunzi mmoja na ausome kila inapofika nusu gigabaiti, mwingine na aandike. Kisha chora grafu mbili. Katika ya kwanza, mwendo dhidi ya kiasi cha data, nukta zitafanya mstari uliopinda. Katika ya pili, weka mraba wa mwendo badala ya mwendo. Ikiwa mtambo unazunguka kwa kiasi kimoja, nukta zitanyooka: mraba wa mwendo utaanzia karibu 44 na kupanda kwa 45 hivi kwa kila gigabaiti. Wanafunzi wa fizikia watauona mlinganyo wenye sura ile ile ya kitu kinachoongeza mwendo kwa mchapuko usiobadilika, na waulizwe kwa nini.

Mstari ukipanda kisha ukalala, mtambo umegonga kikomo cha njia ya data au cha programu yake. Ukipanda kwa ngazi, mtambo hufanya kazi kwa kanda. Ukianguka ghafla, rudia kwa diski ya mtengenezaji wa pili bila kubadili kitu kingine chochote, si faili, wala waya, wala kompyuta: anguko likitoweka, lawama ni ya diski ya kwanza, likijirudia pale pale, ni ya mtambo au ya kompyuta. Baada ya hapo kila mwanafunzi na atafute, kwa hesabu tu, muda wa kujaza CD ya dakika 80 katika mtambo wa 52x. Jibu ni sekunde 129, mbali na muda wa kufungua na kufunga diski.